Rilei na Swichi ya Ufunguo wa Pikipiki

Mtu asafiriye usiku kati ya Katoro na Nyarugusu, katika eneo la machimbo ya dhahabu la Geita, huweka maisha yake katika vitu viwili vidogo: taa ya pikipiki iliyombeba, na swichi ya ufunguo ipitishayo umeme wa taa hiyo. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kupewa leseni ya kubeba abiria, chombo hiki kimekuwa usafiri wa kawaida wa wachimbaji wadogo, wauguzi na walimu wa vijiji vya Geita na Shinyanga. Madereva wengi, kwa kuwa taa ya kiwandani haiwatoshi katika barabara za vumbi, huongeza taa mbili za pembeni. Hapo ndipo shida huanza.

Niliwahi kuona, katika gereji moja ya kando ya barabara mjini Kahama, swichi ya ufunguo ambayo plastiki yake ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Mwenyewe alikuwa akirudi usiku na abiria. Injini na taa zilizimika pamoja, lori likiwa nyuma yake. Fundi alimwunganishia waya moja kwa moja chini ya tangi, pikipiki ikawaka. Tangu siku ile haikuhitaji ufunguo, na mwizi yeyote angeweza kuondoka nayo. “Mwalimu,” fundi aliniambia, “swichi za siku hizi ni mbovu tu.” Alisema kweli kwa sehemu. Sehemu iliyobaki huonekana kwa hesabu.

Taa kubwa ya pikipiki nyingi za volti 12 ni ya wati 35. Taa mbili za ziada za wati 20 kila moja zikiunganishwa kwenye waya uleule, jumla huwa wati 75. Tukigawanya wati kwa volti tunapata ampea 6.25, na mkondo wote huo hulazimika kupita kati ya vipande vidogo vya madini vinavyogusana ndani ya swichi. Vikiwa vipya, ukinzani mahali vinapogusana ni mdogo mno. Lakini vumbi huingia, maji ya kuoshea pikipiki huingia, kutu huanza, na ukinzani hupanda. Tuchukulie umefika omu 0.2. Joto huhesabiwa kwa kuzidisha mkondo kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani: 6.25 × 6.25 × 0.2, yaani wati 7.8 hivi. Kwa jiko kiasi hicho si kitu. Ndani ya kijumba cha plastiki kilicho sawa na kidole gumba, pasipo upepo, ni kingi. Plastiki hulainika, springi hulegea, mguso huwa hafifu zaidi, ukinzani hupanda tena, na joto huongezeka juu ya joto.

Ipo hasara ya pili, isiyoonekana upesi. Ampea 6.25 zikipita katika omu 0.2 hupoteza volti 1.25 ambazo hazifiki kwenye taa. Taa yenye uzi uwakao hupoteza mwanga upesi kuliko inavyopoteza volti: upungufu wa asilimia 10 ya volti huondoa karibu theluthi moja ya mwanga. Dereva huona taa zimefifia, akaongeza nyingine.

Dawa ni rilei. Mwaka 1825 William Sturgeon wa Uingereza alionyesha kwamba chuma laini kilichozungushiwa waya wenye umeme hugeuka kuwa sumaku, na hupoteza usumaku mara mkondo ukatwapo. Mwaka 1835 Joseph Henry wa Marekani alitumia sumaku ya namna hiyo ili mkondo dhaifu uweze kufunga na kufungua saketi ya mkondo wenye nguvu. Koili ya rilei ya kawaida ya magari, ya volti 12, ina ukinzani wa omu 80 hivi, basi huvuta ampea 0.15 tu. Huo ndio mkondo utakaopita kwenye ufunguo. Kwa ukinzani uleule mbovu wa omu 0.2, joto sasa ni wati 0.0045. Mkondo umepungua mara 42 hivi, lakini joto limepungua zaidi ya mara 1,700, kwa sababu joto hufuata mraba wa mkondo. Mwalimu akikosa muda wa kufundisha makala haya yote, na afundishe sentensi hiyo moja.

Msomaji achore saketi yenyewe kabla ya kushika waya, na akishika aanze kwa kufungua waya wa hasi wa betri. Miguu ya rilei ina namba. Kutoka chanya ya betri, waya wa milimita za mraba 1.5 huenda kwenye fyuzi ya ampea 10, kisha mguu wa 30. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukichubuka kabla ya fyuzi hakuna kitakachouzuia kuungua. Kutoka mguu wa 87 waya huenda kwenye taa za ziada. Waya utokao kwenye ufunguo, kupitia swichi ya kuwashia taa, huingia 86. Mguu wa 85 huenda hasi. Mguu wa 87a, kama upo, uachwe. Kwa taa kubwa zahitajika rilei mbili, moja ya mwanga wa mbali na moja ya mwanga wa karibu, koili zake zikiamshwa na swichi ya usukani.

Sasa niungame. Nikiwa nimerudi na shahada ya udaktari kutoka ng'ambo, likizo moja nilimfungia ndugu yangu rilei kwenye taa kubwa ya pikipiki yake, kijijini Shinyanga. Tulipowasha injini, rilei ilitetema na kulia kama nyenje. Fundi wa jirani, aliyeishia darasa la saba, alicheka kwa adabu, akazima injini, akaacha ufunguo wazi, akaondoa rilei yangu na kurudisha waya kama zilivyokuwa, kisha akaniomba niwashe taa. Haikuwaka. Taa ile haikulishwa na betri, bali na koili ya jenereta iliyo injinini, itoayo mkondo geu. Mkondo geu hupita kwenye sifuri mara mbili katika kila mzunguko, na kila mara sumaku ya rilei huachia.

Basi kabla ya kununua chochote, jaribu kama fundi yule. Taa ikiwaka injini ikiwa imezimwa, inatumia betri. Isipowaka, iachwe kama ilivyo: katika pikipiki za namna hiyo mkondo wa taa kubwa kwa kawaida haupiti kwenye ufunguo, na rilei itumike kwa taa za ziada za betri peke yake. Zipo pikipiki mpya ambazo taa yake, ingawa ni ya betri, hungoja injini iwake. Hapo mita ya volti ndiyo mwamuzi. Ikumbukwe pia kwamba rilei haizalishi umeme: jenereta isiyomudu wati 75 itaacha betri ikiisha njiani.

Rilei ifungwe chini ya kiti, miguu ikitazama chini, ili maji yasitulie ndani yake.