Sheria Ndogo na Amri: Somo kutoka Karatu na Ngorongoro

Mtu ajiungapo na jumuiya yo yote, iwe ya dini, ya ushirika au ya kijiji, mara hukutana na kanuni. Huambiwa afanye hivi, asifanye vile, na akikosea atatozwa. Naye hujiuliza moyoni: Ni nani aliyewapa hawa haki ya kuniamuru? Swali hili si utovu wa adabu. Tulijibu kwa kuitazama nchi ya Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha.

Wafugaji wa Kimaasai wanayo desturi ya alalili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu kiangazi kifikapo. Hapana ua wala askari. Aingizaye ng'ombe kabla ya wakati hukabiliwa na wazee pamoja na wenzake wa rika. Desturi hiyo hushikwa ingawa haikuandikwa, kwa kuwa kila mmoja ajua kwamba ndama wake naye atakula pale pale.

Tazama sasa kanuni ya namna nyingine. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku humo. Mwaka 1992 kikaruhusiwa, na mwaka 2009 kikakatazwa tena. Hatusemi kwamba makatazo hayo hayakuwa na sababu. Udongo na nyasi zile si vya kuchezewa na jembe. Lakini mama mwenye kishamba cha mahindi nyuma ya boma alipewa ruhusa kisha akanyang'anywa, na mara zote uamuzi haukutoka katika mkutano wa kijiji chake.

Kati ya desturi na amri ya juu ipo sheria ndogo, na hapa yafaa tukae kidogo. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, inayohusu mamlaka za wilaya, yaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hata hivyo haiwezi kujifungia chumbani na kutoka na karatasi. Hapana budi rasimu ipelekwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema. Kisha halmashauri ya kijiji huipitisha, na halmashauri ya wilaya huithibitisha. Msomaji aliyezoea neno shura ataitambua hatua ile ya kwanza. Basi ukitozwa faini kwa kanuni ambayo haikupita njia hii, hiyo bado ni amri ya mtu, hata kama ina mhuri. Omba kwa upole uonyeshwe sheria yenyewe, na ukilipa, dai risiti.

Lakini sheria ndogo yategemea kwanza kijiji kiwepo. Mwezi wa Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji vilivyomo ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Kijiji kikifutwa hakina halmashauri wala mkutano, na wakazi hawana tena mahali pa kuandika hata kanuni ya kisima. Watu waliandamana, na mwezi huo huo Mahakama Kuu mjini Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo.

Je, ridhaa ya wengi yatosha? La. Teremka kutoka Karatu hadi Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, ambako vitunguu hulimwa kwa maji ya chemchemi. Mwenye shamba la juu akifungua mfereji apendavyo, wa chini huambulia vumbi. Wanakijiji waweza kujiwekea zamu za maji na adhabu kwa mvunjaji. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Kijiji chaweza kuongeza ulinzi huo. Hakiwezi kuzipunguza mita zile. Mkutano mzima ukinyosha mikono ili fulani alime mpaka ukingoni mwa chemchemi, azimio lao ni batili, na shamba lile lapasa kuondolewa.