Podikasti Darasani: Niliyojifunza Baada ya Kubuma

Wenzangu wa ualimu mnaijua wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha. Mbinu zote ulizotoka nazo chuoni zimekwisha, sauti imekauka, na msimamizi kutoka chuo anaweza kutokea mlangoni saa yoyote. Mimi nilikuwa na Kidato cha Kwanza, wanafunzi 84 chumba kimoja, somo la Baiolojia, mada ya malaria. Nikajiambia, leo nawaletea kitu ambacho hakijawahi kuonekana shule hii.

Kitu chenyewe kilikuwa podikasti. Kwenye simu nilikuwa na kipindi kizuri cha Kiingereza kuhusu Ronald Ross, yule daktari wa jeshi la Uingereza huko India ambaye mwaka 1897 alivikuta vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimi kilinisisimua mpaka nikapitiliza kituo cha daladala. Nikaazima spika ndogo, nikaiweka juu ya meza, nikabonyeza. Dakika 38.

Dakika ya tano, nyuma kule watu walikuwa wanachora. Dakika ya kumi mlango ukafunguka, msimamizi akaingia, akakaa dawati la mwisho, akatoa fomu yake. Sikuwa na ujasiri wa kuzima. Kilipoisha nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Nikamwita binti mmoja, nikamuuliza Ross aligundua nini. Akasimama, akatazama sakafu, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Samahani mwalimu, Ross ndiyo yule mbu?"

Darasa halikucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Hawakucheka kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu bora zaidi. Hawa watoto miezi michache nyuma walikuwa wanasoma kila kitu kwa Kiswahili shule ya msingi, mimi nawawekea Kiingereza cha mtu anayeongea haraka, kupitia spika ya kuazima, chini ya bati. Msimamizi nje ya darasa hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kipindi cha leo kafundisha nani?"

Basi bwana, jioni ile nilikumbuka kwamba hata mimi mwenyewe podikasti ziliwahi kuniponza. Mwaka wa pili nilijiandaa kwa jaribio la saikolojia ya elimu kwa kusikiliza tu. Nikiosha vyombo nasikiliza, nikienda sokoni nasikiliza, hosteli taa zimezimwa nasikiliza. Nilikuwa na uhakika kwamba naijua ile mada. Kwenye karatasi nikapata 9 kati ya 30, na jamaa aliyekaa na desa la kurasa sita akapata 24.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kosa hili lilishachunguzwa. Mwaka 2010, David Daniel na William Woody huko Marekani walichapisha jaribio waliloliendesha kwa wanafunzi wao wa chuo. Kundi moja lilipewa makala ya kusoma, kundi la pili likapewa maudhui yaleyale kwa njia ya podikasti. Walipofanyiwa jaribio, waliosoma walipata wastani wa asilimia 81, waliosikiliza 59. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Anayesoma akikwama anarudi mstari wa juu, anasimama, anapiga mstari chini ya neno. Sauti haikungoji. Wewe ukiwaza ugali kwa sekunde ishirini, mzungumzaji ameshafika mbali, na mbaya zaidi, hujui kama umeachwa.

Lipo pia jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi walisoma habari fulani. Baadhi wakairudia kuisoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Wakipimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Wakipimwa baada ya wiki, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Yaani ule uhakika wa "naijua hii" unaokujia dakika ya mwisho ya kipindi ni wa dakika tano. Sapu haziji baada ya dakika tano.

Sasa msinielewe vibaya, sipigi vita podikasti. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 2004, na tangu hapo walimu wengi wameokoka kwayo. Craig Barton, mwalimu wa hisabati Uingereza, alianza kuwahoji wataalamu wa elimu kwenye podikasti yake, na majibu yao yakamfanya aone kwamba mengi aliyokuwa akifanya darasani kwa miaka hayakuwa sawa. Akaandika kitabu kizima kuhusu hilo mwaka 2018. Au chukua In Our Time ya BBC, iliyoanza mwaka 1998: mtangazaji anakaa na wasomi, kwa kawaida watatu, wanachambua mada moja tu, leo sayansi, wiki ijayo historia. Kwa mtu mwenye udadisi hiyo ni lekcha ya bure. Tatizo liko kwetu tunaodhani kubonyeza ndiyo kusoma.

Aliyenifungua macho zaidi ni bibi yangu, ambaye hajawahi kusikia neno podikasti. Nilikwenda kumsalimia baada ya mazoezi, nikamsimulia aibu yangu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulisomeshwa na redio, lakini redio haikutusomesha peke yake." Alikuwa anasema kuhusu Mtu ni Afya, ile kampeni ya mwaka 1973.

Nikaenda kuisoma vizuri, na nashangaa kwa nini tunaipita haraka hivyo kwenye kozi zetu. Vipindi vilirushwa na Radio Tanzania kila wiki kwa wiki 12. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kusikiliza, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla. Bibi anakumbuka: mnakaa chini ya mwembe, mnasikiliza, kisha redio inazimwa. Kiongozi anafungua kitabu, anasoma taratibu kwa ajili ya wasiojua kusoma, anauliza, Je, hapa kwetu hali ikoje? Mnabishana. Halafu hamwondoki mpaka mmekubaliana mtafanya nini wiki hiyo. Kwao ilikuwa kufyeka majani kuzunguka nyumba na kuchimba vyoo. "Babu yako alibishia choo wiki mbili," bibi akasema. "Ya tatu akachukua sururu."

Ukiangalia, kila udhaifu wa sauti ulikuwa umezibwa. Inapita haraka? Kipo kitabu. Unasinzia? Mpo kikundi. Unajidanganya kwamba umeelewa? Kiongozi anakuuliza mbele ya majirani. Mimi na spika yangu tulichukua redio tu, tukaacha yote mengine.

Wiki ya tano nilirudia mada ileile. Safari hii nilijirekodi mwenyewe kwa simu, dakika nne tu, Kiswahili kwanza, kisha sentensi zilezile kwa Kiingereza chepesi. Kabla ya kuwasha niliandika ubaoni maswali matatu. Hii niliiba kwa 6 Minute English ya BBC, ambayo humwachia msikilizaji swali mwanzoni na kumpa jibu mwishoni, kwa hiyo sikio linakuwa na kazi. Nilisimamisha katikati mara mbili, wakaandika walichokumbuka bila kuulizana, halafu wakalinganisha na jirani. Kisha tukasikiliza tena. Madawati ya nyuma nikayahamishia mbele, maana spika ni ileile. Yule binti aliandika, "Ross hakuwa mbu, alimpasua mbu." Nikampa alama zote.

Msimamizi hakuwepo siku hiyo, kwa kawaida huwa hawapo siku kama hizo.

Kwa wanaotaka kujaribu, neno kuhusu bando, maana najua mnalifikiria. Sauti ya mtu anayeongea haihitaji ubora wa muziki. Ukirekodi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, nusu saa inakula kama megabaiti 14. Kwa kilobiti 128 inakula mara mbili, na sikio darasani halitofautishi. Shusha vipindi ukiwa kwenye waifai ya chuo au kwa bando la usiku, usivisikilize moja kwa moja mtandaoni. Shuleni tumianeni kwa Bluetooth, haili kitu. Ukishajirekodi, jisikilize kwanza. Mimi niligundua nasema "sawasawa" kila baada ya sentensi mbili. Na ile kuongeza kasi mara moja na nusu, itumie kwa mada unayoijua tayari. Kwa mada mpya unajiibia mwenyewe.

Ukiwa peke yako, zima kila baada ya dakika kumi, andika mistari mitatu bila kurudi nyuma. Inakera, najua. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika mstari mmoja na nusu, na huo nusu ulikuwa jina la mtangazaji.

Sasa tumeanza kikundi, tuko saba, watano wa ualimu na wawili wa uhandisi waliokuja kwa udadisi tu. Tunasikiliza kipindi kimoja kwa wiki, simu inazimwa, mmoja anauliza maswali, na kila mtu anasema atakachofanya kabla ya wiki ijayo. Wiki iliyopita tulibishana kuhusu chanjo mpaka mlinzi akaja kutuuliza kuna nini, akakaa. Tunakutana Jumatano saa 11 jioni, vimbweta vya nyuma ya maktaba. Njoo na daftari na kalamu, hedifoni acha hosteli.