Kipimo cha Vitamini D kwa Mtoto Njiti: Nambari Moja Haitoshi

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, hutoka tumboni kabla mifupa yake haijapata akiba ya kutosha. Takriban asilimia 80 ya kalsiamu na fosfeti ya mtoto huingia mwilini mwake katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Maziwa ya mama, ingawa ndiyo chakula bora kwake, yana vitamini D kidogo sana.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ulipendekeza watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya kilo 1.5 wapewe vitamini D ya kiasi cha IU 400 hadi 1,000 kila siku mpaka watimize miezi 6. Baadhi yao pia hupimwa damu. Hapo ndipo wazazi huweza kupotoshwa: anayeona nambari kubwa huacha kumpa mtoto matone, na anayeona nambari ndogo huyaongeza mwenyewe. Kosa la kwanza laweza kudhoofisha mifupa. La pili laweza kumdhuru mtoto kwa vitamini kupita kiasi.

Kwa nini majibu hutofautiana

Damu ya mtoto mchanga ina molekuli inayofanana sana na vitamini D inayotafutwa, ila sehemu yake moja imegeuka. Wanasayansi huiita epima. Mashine zinazotambua vitamini kwa uzito wa molekuli huzihesabu zote mbili pamoja, kwa kuwa uzito wake ni sawa, isipokuwa maabara izitenganishe kwanza. Utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliikuta epima kwa watoto 39 kati ya 172 wa chini ya mwaka mmoja. Kwa watoto hao 39, ilikuwa kati ya asilimia 9 na 61 ya jumla iliyosomwa. Mtoto anaweza kuonekana ana vitamini ya kutosha kumbe hana.

Mashine nyingine hutumia kingamwili kuinasa vitamini D. Nyingi kati ya hizo haziinasi epima, lakini zinaweza kuchanganywa na mafuta au kemikali nyingine zilizo katika damu. Ndiyo maana maabara mbili zinaweza kutoa majibu tofauti kwa mtoto yuleyule.

Jambo la tatu ni vipimo vyenyewe. Maabara nyingine huandika ng/mL, nyingine nmol/L. Jibu la 20 ng/mL ni sawa na 50 nmol/L. Mzazi akilinganisha karatasi mbili bila kutazama alama hizo, atadhani vitamini imepanda au imeshuka.

Hatari iliyopo mitaani

Nairobi ina jua mwaka mzima, lakini jua hilo halifiki katika vyumba vingi vya maghorofa yaliyobanana kama yale ya Pipeline. Hata linapopita kwenye kioo cha dirisha, miale inayotengeneza vitamini D huzuiwa. Kumwanika mtoto njiti juani si badala ya matone, kwa sababu ngozi yake ni laini na mwili wake hupata baridi au joto upesi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza watoto 21 wenye ugonjwa wa mifupa laini katika mtaa wa mabanda nchini Kenya. Asilimia 71 yao walikuwa na vitamini D chini ya 30 nmol/L. Wote walikuwa na vifundo vya mikono vilivyopanuka, lakini asilimia 19 tu ndio walioonyesha dalili miguuni. Mzazi anayesubiri kuona matege atakuwa amechelewa.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Je, maabara hii hutenganisha epima inapopima watoto wachanga?
2. Jibu limeandikwa kwa ng/mL au nmol/L?
3. Je, fosfeti, kalsiamu na alkalini fosfatasi zimepimwa pia? Hizi huonyesha hali ya mifupa yenyewe.
4. Kipimo kikirudiwa, kitafanywa katika maabara ileile? Mtoto wa kilo 1 ana damu ya mililita 80 hadi 100 tu, hivyo haifai kumtoa damu bila sababu.
5. Chupa hii ina IU ngapi kwa tone moja, na ngapi kwa mililita? Dawa nyingine zina IU 400 katika tone moja, nyingine katika mililita nzima. Chupa ikibadilika, kipimo cha kumpa mtoto kinaweza kubadilika.

Wakati wa kurudi hospitalini

Mtoto arudishwe kliniki akiwa na vifundo vya mikono vilivyopanuka, vinundu kwenye mbavu, au akichelewa kukaza shingo au kuketi hata baada ya kuhesabu wiki alizowahi kuzaliwa. Anayepewa matone akianza kutapika, kukojoa sana, kukataa kunyonya au kukosa choo, aonwe siku hiyohiyo. Akipata degedege, ni dharura.

Wakazi wa Eastlands wanaohudhuria kliniki katika hospitali za kaunti za Pumwani na Mama Lucy Kibaki, au katika kituo cha afya kilicho karibu, wanashauriwa kubeba kijitabu cha mama na mtoto, karatasi zote za maabara na chupa ya matone. Matone yasisimamishwe wala kuongezwa kabla daktari hajaviona vyote vitatu pamoja na mtoto mwenyewe.