Somo la Utamaduni: Ukumbi Uliojengwa na Wanakijiji

Mwaka 1977, wakazi wa Kamirithu, Limuru, walijitolea kujenga ukumbi wa maigizo usio na paa. Waigizaji walikuwa wakulima na vibarua. Mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ulikumbusha vita vya kudai ardhi na uhuru. Wazee waliopitia siku hizo waliwasahihisha waandishi. Serikali ilifuta kibali mwaka uleule. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Isiolo ijifunze nini? Maigizo ya wananchi hayahitaji jengo la fahari. Wazee wa Kiborana, Kisamburu, Kiturkana, Kisomali na Kimeru wanayo historia. Vijana wasipoiuliza na kuiigiza sasa, wazee wataondoka nayo.