Maisha ya Mtunzi na Kazi Yake: Mfano wa Sauti ya Dhiki

Swali linapokutaka ueleze jinsi maisha ya mtunzi yalivyoathiri utunzi wake, usianze kusimulia alikozaliwa na shule alizosomea. Hiyo ni kazi ya mwandishi wa wasifu. Yeye hukusanya barua, tarehe na maneno ya waliomfahamu mtunzi, kisha hujiuliza: ni tukio lipi hasa lililougeuza utunzi wake? Wewe unahitaji tukio hilo tu.

Mchukue Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? akiikosoa serikali ya KANU. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka 3. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka wa 1972, na mwaka uliofuata diwani ya Sauti ya Dhiki ikachapishwa. Baadaye ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga! Mwandishi wa wasifu hawezi kuliacha jambo kama hilo. Katika swali la maudhui, hata hivyo, halikupi alama.

Sasa rudi kwenye mashairi. Katika "Siwati", nafsineni anakataa kuacha anachokiamini. Hapa kifungo kinatusaidia kuuelewa msimamo wake, kwa kuwa maisha na kazi vinakaribiana mno. Lakini katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", Badi na Alii wanagombania mti mmoja. Mtunzi ni yupi kati yao? Watahiniwa wengi huandika "Abdilatif anasema" kila mahali, hata anayesema ni Alii. Nafsineni si mtunzi. Anaweza kubeba uchungu wa mtunzi na bado akawa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana wapinzani wawili wametoka kwenye kalamu moja.

Kwa hivyo, toa hoja kutoka shairini kwanza, uitolee mfano, ndipo ulete wasifu kuithibitisha. Ukitanguliza gereza, utaliona gereza hata mahali ambapo mtunzi anazungumzia mnazi, na mtahini atakuuliza: liko katika ubeti upi?

Zoezi
Linganisha msimamo wa Badi na wa Alii. Usitaje kifungo cha mtunzi kabla ya kutoa hoja mbili kutoka shairini. (alama 6)