Huru au Bure? Somo juu ya neno "free"

Masomo ya kutangulia: Yohana 8:31–36, Warumi 3:21–26, Wagalatia 2:21 na 5:1–13.



Vijana wawili wa darasa la Kipaimara hapa Bunda walituuliza maswali ambayo hatukuweza kuyajibu papo hapo. Wa kwanza alisema, "Mwalimu, ikiwa wokovu ni bure, mbona kila Jumapili tunaambiwa tufanye hili na tuache lile?" Wa pili, aliye kidato cha tatu, akaongeza, "Hata kwa Kiingereza wokovu ni free, na free maana yake ni huru. Sasa mtu huru anawekewaje amri?" Tuliwaomba watupe juma moja. Somo hili ndilo jibu letu, nasi tunalitoa hapa kwa sababu twadhani wako wakubwa wengi wenye maswali hayo hayo ila wanaona haya kuyauliza.

1. Neno moja, maana nyingi

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, siku moja tuliwapa wanachuo sentensi mbili za Kiingereza wazitafsiri. Ya kwanza ilisema mtumwa alifanywa free. Ya pili ilisema watoto wa shule walipewa vitabu free. Mmoja wao akaandika: "Mtumwa alifanywa bure, na watoto wakapewa vitabu huru." Darasa zima likacheka, naye akacheka pia. Lakini kosa lile lilitusaidia kufundisha kipindi kizima, kwa maana kumfanya mtu bure ni kumharibu, si kumfungua.

Kiingereza hutumia neno hilo moja mahali ambapo sisi tunahitaji maneno kadhaa. Mfungwa akitoka gerezani yu huru. Dawa isiyolipiwa ni ya bure. Kiti kisicho na mtu ki wazi. Mtu asiye na shughuli ana nafasi. Chai isiyotiwa sukari ni chai bila sukari. Siku hizi hata pale stendi ya mabasi utawasikia vijana wakisema, "Kesho niko fri," maana yake wana nafasi. Basi neno hilo limekwisha kuingia katika mazungumzo yetu, na inafaa tujue limetoka wapi.

2. Asili ya neno

Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba free ni neno la zamani sana katika Kiingereza, na kwamba mzizi wake wa kale kabisa ulikuwa na maana ya kupendwa. Aliye free alikuwa mpendwa. Katika mzizi huo huo limetoka neno friend, yaani rafiki.

Je, mpendwa aligeukaje kuwa mtu huru? Fikirini nyumba ya mtu mkubwa wa zamani. Ndani yake walikaa watu wa aina mbili: wale wa damu yake, yaani watoto na jamaa, ambao ndio wapendwa wa nyumba; na wale walionunuliwa au kutekwa vitani. Kwa hiyo neno la wapendwa likawa neno la wasio watumwa. Kilatini nacho kinatuonyesha jambo lililo karibu na hili, kwa maana liber ni mtu huru, na liberi ni watoto wa nyumba.

Baadaye, katika Kiingereza cha karne za kati, free likawa na maana ya mtu wa heshima na mkarimu, asiyebana mkono wake. Maana ya kitu kisicho na malipo ndiyo iliyochelewa. Ilianza kuzoeleka katika karne ya 16. Hivyo maana ambayo kijana wa leo huifikiria kwanza ni mojawapo ya zile zilizokuja mwishoni. Iliyotangulia zote ni ya upendo.

3. Huru, mwungwana na kongwa

Sasa turudi kwetu. Neno huru tulilipata kutoka katika neno la Kiarabu hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Kiswahili kikaongeza irabu mwishoni, kisha kikatia kiambishi mbele na kuunda uhuru. Huko pwani lilikuwapo pia neno mwungwana, maana yake mtu aliyezaliwa huru. Leo mwungwana ni mtu mwenye adabu na ukarimu, hata awe maskini asiye na kitu. Tazameni jinsi neno hili lilivyopita njia ile ile ya neno la Kiingereza, ingawa hayana undugu wowote.

Waliotafsiri Maandiko waliyatumia maneno hayo ya pwani. Fungueni Wagalatia 5:1 katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tungali tunaisoma. Mtaona ungwana, mtaona habari ya kuandikwa huru, na mtaona kongwa. Kongwa ulikuwa mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka wakati wa kupelekwa pwani. Na kuandikwa huru ni usemi unaotukumbusha hati aliyoandikiwa mtumwa aliyeachiliwa, ili asikamatwe tena. Wasikilizaji wa kwanza wa maneno hayo hawakuhitaji kuelezwa, maana wengine wao walikuwa wameliona kongwa kwa macho yao.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali hapo, Mkunazini, misheni ya UMCA ikajenga Kanisa Kuu la Kristo wakati wa Askofu Edward Steere. Watu waliofunguliwa walipewa makao Mbweni, nje ya mji wa Unguja. Na wenzao wa CMS wakaanzisha kijiji cha Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875. Mnamo Aprili 1897 Sultani wa Unguja alitoa amri kwamba sheria haitautambua tena utumwa. Lakini aliyetaka uhuru wake utambuliwe ilimpasa aende mahakamani, na ilimpasa aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kupata riziki. Huku Tanganyika sheria ya kukomesha utumwa ilikuja mwaka 1922.

Jambo moja katika habari hizo linatuhusu sana. Mtu aliyetolewa katika jahazi la watumwa alikuwa huru tangu saa ile. Lakini kwao wapi? Baba yake nani? Ukoo wake umebaki bara, pengine hata jina la kijiji chao halikumbuki tena. Mtu huru asiye na nyumba ya kuingia yumo hatarini kunaswa tena. Kukata kamba ni mwanzo tu. Baada ya hapo alihitaji mahali pa kuitwa mwana.

Ndivyo asemavyo Bwana wetu katika Yohana 8. Anasema mtumwa hakai nyumbani siku zote, bali mwana hukaa. Tena Mwana ndiye awezaye kutuweka huru. Tena katika Yohana 15:15 anawaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa, bali rafiki. Huru, mwana, rafiki: hayo matatu yamekaa pamoja katika Injili, kama yalivyokaa pamoja katika mzizi wa lile neno la Kiingereza.

Nasi kama taifa tumejifunza hayo. Kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 neno uhuru lilikuwa limekwisha kupanuka, kutoka habari ya mtu mmoja na bwana wake hadi habari ya nchi nzima. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapa jirani, na wenzake wakaliunganisha na neno jingine wakasema, "Uhuru na Kazi." Hakuna aliyedhani kwamba kazi ile ilikuwa malipo ya kununua uhuru. Nchi ilikuwa yetu, na mwenye nyumba hulima shamba lake.

4. Bure yenye pande mbili

Tumeona kwamba Kiingereza kimeweka huru na bure katika neno moja, nasi tumevitenganisha. Lakini liko neno letu ambalo nalo limebeba mambo mawili, nalo ni hilo bure. Twasema dawa za bure, yaani zisizo na malipo. Twasema pia kazi bure, yaani kazi isiyo na faida. Na mtu bure, yaani asiye na maana. Labda ndiyo sababu Serikali, ilipofuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, iliandika katika waraka wake "elimumsingi bila malipo", ingawa sisi mitaani tukaendelea kusema elimu bure.

Sasa, wapendwa, linganisheni Warumi 3:24 na Wagalatia 2:21. Katika Warumi, Mtakatifu Paulo anafundisha kwamba tunahesabiwa haki bure, yaani pasipo kulipa. Katika Wagalatia anasema kwamba kama haki ingepatikana kwa sheria, Kristo angekuwa amekufa bure, yaani pasipo faida. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imetumia maneno mawili mbalimbali katika mistari hiyo. Lakini katika Kiyunani, lugha aliyoandika Paulo mwenyewe, neno ni moja katika mahali pote pawili, dorean. Ndilo lililotumika pia katika Mathayo 10:8, Bwana anapowaagiza wanafunzi watoe bila malipo kama walivyopokea. Basi hapa Kiswahili chetu kimefuata Kiyunani kwa karibu zaidi kuliko kile Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili anaweza kusikia lile ambalo msomaji wa Kiingereza hulipita, kwamba bure ya neema na bure ya hasara zinakaa mlango mmoja.

Tutoe mfano wa nyumbani kwetu, nao si wa kujivunia. Tuliwahi kupata chandarua kilichogawiwa bure. Kwa kuwa hatukukilipia, hatukukithamini. Tulikifunika juu ya kitalu cha mchicha kuku wasidonoe. Mvua za masika zikaja, na mjukuu wetu aliyekuwa akilala chumba cha nje akashikwa na malaria kali, tukakimbizana naye hospitali usiku. Alipona, Bwana asifiwe. Lakini asubuhi tuliporudi na kukiona chandarua kile juu ya mchicha tuliingiwa na aibu kubwa. Kilitolewa bure, na mikononi mwetu kikawa bure. Tena hakikuwa bila gharama hata siku moja. Alikuwapo aliyekilipia, ila hatukuwa sisi.

5. Jibu kwa vijana wetu

Kwa yule wa kwanza twasema hivi. Wokovu ni bure kwako kwa sababu gharama yake ilikwisha kulipwa Msalabani. Yale tunayohimizwa kufanya si ada. Ni kama kukitundika chandarua na kulala ndani yake. Aliyekitundika hajakinunua kwa kufanya hivyo. Amekubali tu kwamba kile kilichotolewa kwa ajili yake kimfae.

Kwa yule wa pili twasema: umefanya vema kuuliza juu ya lile neno, maana lina jibu ndani yake. Huru si mtu asiye na wa kumwambia neno. Mtu wa namna hiyo pengine hana kwao. Huru ni mwana wa nyumba, na mwana ana kazi za nyumbani. Hutumwa dukani, huchota maji, huwaangalia wadogo zake. Ukimtazama kwa mbali utadhani yeye na mtumishi wa kulipwa ni sawa, lakini jioni utajua ni nani mwenye nyumba. Ndiyo maana katika Wagalatia 5:13 mtume, baada ya kuwasihi watu wakae katika uhuru wao, anawaagiza watumikiane kwa upendo.

Hata Kitabu chetu cha Sala kinafundisha hivyo. Katika sala ya kuomba amani, asubuhi, tunakiri kwamba kumtumikia Mungu ndio uhuru ulio kamili. Sala ile ni ya zamani, na katika Kilatini ilisema kwamba kumtumikia yeye ni kutawala. Askofu Mkuu Thomas Cranmer ndiye aliyeitia neno la uhuru alipoitafsiri kwa Kiingereza katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549. Tunaisali mara nyingi kwa haraka. Jumapili ijayo tuisali polepole.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Tajeni vitu vitatu mlivyopewa bure mwaka huu. Je, ni kipi kimewafaa, na ni kipi kimekuwa bure?

2. Mtu akiacha ulevi au ushirikina, kanisa letu linampa nyumba ya kuingia, au tunamkata kamba na kumwacha njiani?

3. Someni Yohana 8:35 tena. Katika kazi za kanisa, twafanya kama watumwa, kama vibarua, au kama wana?

Sala

Baba yetu, umetupenda kabla hatujaweza kukupa kitu. Utufundishe kukaa nyumbani mwako kama wana, na kutumikiana kwa furaha, ili alichokifanya Mwanao kwa ajili yetu kisiwe bure kwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.