Sumu ya Risasi kwa Wafanyakazi wa Kuyeyusha Betri Kuukuu

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi. Betri ikifa, madini hayo huyeyushwa na kutumika upya. Kazi hiyo ina faida, lakini ikifanywa bila kinga huacha sumu miilini mwa wafanyakazi na jirani zao. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali palipokuwa na uchakataji wa betri kuukuu. Nchini Kenya, mwaka 2020, mahakama iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda cha aina hiyo.

Namna sumu inavyoingia mwilini

Kuvunja betri hutoa vumbi, na kuyeyusha risasi hutoa moshi. Mfanyakazi huvuta sumu hiyo kwa pumzi, na huimeza anapokula au kuvuta sigara kwa mikono isiyooshwa. Kutoka katika damu, risasi huenda kujihifadhi mifupani, ambako hukaa kwa miaka mingi. Ndiyo maana aliyeacha kazi hiyo zamani aweza kuwa bado na sumu, na mama mjamzito aweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Dalili

Dalili huja polepole na hufanana na za maradhi mengine: tumbo kunyonga, kukosa choo, uchovu, maumivu ya kichwa na viungo, na upungufu wa damu. Hali ikizidi, kiganja hulegea kisiweze kuinuliwa, shinikizo la damu hupanda, figo na nguvu za uzazi hudhoofika. Mgonjwa aweza kutibiwa vidonda vya tumbo mara kadhaa bila nafuu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Swali hilo halina gharama, na lapaswa kuulizwa kila mara.

Kipimo na tiba

Kipimo cha kuaminika ni cha kiwango cha risasi katika damu ya mshipani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Hata hivyo, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Tiba ya kwanza ni kumtoa mgonjwa kwenye chanzo cha sumu. Dawa za kunasa risasi hutolewa kwa uangalizi wa daktari, kiwango kikiwa cha juu. Kumtibu mtu kisha kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure. Maziwa, ambayo baadhi ya waajiri huwagawia wafanyakazi, ni chakula kizuri, lakini hayaondoi risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Hayawezi kuchukua nafasi ya kinga.

Kinga

Mwajiri hana budi kufunika tanuri na kuweka mitambo ya kufyonza moshi, kutoa barakoa zenye vichujio vya chembe ndogo, si vitambaa, na kupima damu za wafanyakazi mara kwa mara. Sakafu isafishwe kwa maji, isifagiwe ikiwa kavu. Mfanyakazi anawe kabla ya kula, aoge na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe huko huko kazini. Watoto hufyonza risasi waliyoimeza kwa wingi kuliko watu wazima, na ubongo wao ungali unakua. Kwa hiyo mfanyakazi akigundulika kuwa na sumu, watoto wake nao wapimwe.